Maswali na Majibu: Sumu Ndani ya Kifaa, Kifaa Ndani ya Taka

Barua za safari hii zimegawanyika mafungu mawili. Wapo wanaotaka kuingiza bidhaa sokoni wamekwama kwenye makaratasi, na wapo wenye vifaa vilivyokufa wasiojua wavipeleke wapi. Nimeyachanganya makusudi, kwa sababu sumu inayokatazwa kuingia kwenye kifaa siku ya kwanza ndiyo ileile inayomdhuru anayekivunja siku ya mwisho. Wengi mmeuliza kuhusu sheria mbili za Umoja wa Ulaya, RoHS inayobana kemikali ndani ya vifaa vipya vya umeme, na WEEE inayosimamia vifaa hivyo vikishakuwa taka. Wateja wengi huzitaja hata wakiwa mbali na Ulaya, kwa hiyo tuanze nazo.

Swali: Kifaa changu kina uzito wa kilo 2. Kiwanda kinasema ndani yake mna gramu 1 tu ya risasi. Kwa hesabu yangu hiyo ni asilimia 0.05, na kikomo cha RoHS ni asilimia 0.1. Si nimepita?

Jibu: Hujapita bado. Hesabu iko sawa, ila umegawanya kwa kitu kisichohusika. Kikomo hakipimwi kwa kifaa kizima, wala kwa bodi nzima. Kinapimwa kwa kila nyenzo peke yake, yaani kitu ambacho muundo wake ni uleule kila mahali na huwezi kukitenganisha zaidi kwa kufungua skrubu, kukata, kuponda au kusaga. Kama hiyo gramu 1 yote imo kwenye lehemu yenye uzito wa gramu 3, basi lehemu yako ina risasi asilimia 33. Umezidi kikomo zaidi ya mara 300, na hiyo kilo 2 ya plastiki na chuma haikusaidii chochote.

Ukitaka kuona maana yake, chukua kebo ya kawaida ya umeme na uichane kwa kisu. Ganda la nje ni nyenzo ya kwanza. Ndani mna nyaya tatu, na kila moja ina ganda la rangi yake. Hesabu tatu, kwa sababu rangi nayo ni kemikali, na ganda la njano halikuchanganywa kwenye pipa moja na ganda la bluu. Shaba yenyewe ni ya tano. Kama shaba imepakwa bati, bati ni la sita. Plastiki ya plagi, saba. Pini za plagi ni aloi ya shaba na zinki, nane. Mpako wa nikeli juu ya pini, tisa. Tumefika tisa na kifaa chenyewe hatujakigusa.

Kila mojawapo ya hizo tisa inatakiwa kupita kwa vitu kumi: risasi, zebaki, kromiamu ya valensi sita, vizuia moto vya bromini vya makundi mawili (PBB na PBDE), vilainishi vinne vya plastiki vya jamii ya thaleti (DEHP, BBP, DBP na DIBP), na kadimiamu. Kemikali tisa za kwanza kikomo chake ni asilimia 0.1. Kadimiamu ni asilimia 0.01, na huko ndiko wengi wanakojikwaa.

Swali: Msambazaji wangu amenitumia cheti cha ukurasa mmoja chenye muhuri, kimeandikwa kwamba bidhaa zake zote zinakidhi RoHS. Kinatosha?

Jibu: Kwa kukitundika ukutani, kinatosha.

Mimi cheti cha namna hiyo nakisoma kwa kutafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni namba ya bidhaa. "Bidhaa zote" si namba. Cha pili ni idadi ya kemikali zilizotajwa. RoHS ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006 zilikuwa sita. Thaleti nne ziliongezwa kwa uamuzi wa 2015 na zikaanza kubana vifaa vingi tarehe 22 Julai 2019. Karatasi inayotaja sita tu ama ni ya zamani, ama imenakiliwa kutoka ya zamani na mtu ambaye hakujua kilichobadilika. Cha tatu ni misamaha. RoHS inaruhusu risasi mahali fulani fulani, kwa mfano hadi asilimia 4 kwenye aloi za shaba, au kwenye lehemu za joto kali zenye risasi asilimia 85 na kuendelea. Msambazaji makini hutaja msamaha anaoutegemea. Yule anayesema hana risasi kabisa huku anauza viunganishi vya shaba vilivyochongwa kwa mashine, muulize tena taratibu.

Niliwahi kuumwa na jambo hili. Nililetewa ripoti safi ya maabara, yenye picha ya kebo nyeusi na namba ya bidhaa. Nikapitisha. Mzigo ulipofika kebo zilikuwa nyekundu, na namba yake ilitofautiana na ile ya ripoti kwa herufi moja ya mwisho, herufi ya rangi. Rangi nyekundu, njano na machungwa za plastiki ndizo ambazo kihistoria zilitengenezwa kwa kadimiamu. Nilikuwa nimeidhinisha kebo ambayo hakuna aliyeipima. Tangu siku hiyo naangalia picha kabla ya kuangalia muhuri.

Na usidhani kebo ni jambo dogo. Mwishoni mwa 2001 mamlaka za Uholanzi zilizuia takriban mashine milioni 1.3 za PlayStation za kampuni ya Sony kwa sababu ya kadimiamu iliyozidi kwenye kebo. RoHS ilikuwa bado haijaanza. Waliobanwa walibanwa na sheria ya Uholanzi yenyewe kuhusu kadimiamu.

Unachohitaji kuwa nacho ni jalada la kiufundi: orodha ya vipuri vyote, karatasi ya kila kipuri, na maelezo ya kwa nini umeiamini karatasi hiyo au kwa nini uliamua kupima. Kiwango cha EN IEC 63000 kinaeleza jinsi ya kulipanga. Huna haja ya kupima kila kitu. Plastiki laini yenye rangi kali kutoka kwa msambazaji mgeni ipime. Skrubu ya chuma kutoka kwa yule uliyefanya naye kazi miaka kumi inaweza kwenda kwa karatasi. Ukishatia sahihi tamko la ulinganifu na kubandika alama ya CE, yaani alama ya kutangaza kwamba bidhaa inakidhi sheria za Ulaya, jalada hilo linatunzwa miaka 10 tangu bidhaa iingie sokoni. Anayetia sahihi ni wewe, msambazaji hayumo.

Swali: Tumenunua ile mashine ya mkononi ya eksirei ya kupimia metali. Imeonyesha kromiamu kwenye skrubu na bromini kwenye plastiki. Turudishe mzigo?

Jibu: Msirudishe bado. Mashine hiyo huona elementi tu, haioni elementi hiyo imefungamana na nini. Kromiamu iliyomo ndani ya chuma kisichoshika kutu haina ubaya kisheria. Inayokatazwa ni ile ya valensi sita, ambayo hupatikana zaidi kwenye mipako ya kuzuia kutu, ile yenye rangi ya njano au upinde wa mvua juu ya skrubu. Bromini nayo inaweza kuwa ya kizuia moto kinachoruhusiwa. Kwa hiyo mashine ikiita, maana yake sampuli iende maabara ikapimwe kwa kemikali.

Kuna kasoro ya upande wa pili ambayo ni mbaya zaidi. Mashine ikinyamaza, thaleti zinaweza kuwa zimejaa tele. Thaleti ni kaboni, hidrojeni na oksijeni, na eksirei hiyo haizioni kabisa. Plastiki inayonyumbuka, hasa PVC, ipeleke maabara hata kama mashine imesema ni safi. Halafu angalieni mpako mwembamba: mionzi hupenya mpako ikasoma na kilicho chini yake, kisha ikawapa namba moja iliyochanganya nyenzo mbili. Na RoHS, kama nilivyosema hapo juu, hairuhusu kuchanganya.

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa simu na redio. Nimezoea lehemu yenye risasi kwa sababu inayeyuka vizuri. Je, navunja sheria? Na je, ule moshi unaniua?

Jibu: Marahaba, fundi. Nakuelewa. Lehemu ya bati 63 na risasi 37 inayeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, na inaganda mara moja, inang'aa, unaiona imeshika. Ile isiyo na risasi, ya bati, fedha na shaba, inataka kama 217, na ikiganda ina sura ya kufubaa inayomfanya fundi adhani kaharibu.

RoHS inabana bidhaa inayoingizwa sokoni kwa mara ya kwanza. Redio ambayo mwenyewe anayo tayari, akakuletea uitengeneze, haiingii sokoni upya. Ila ukianza kuunda vifaa vyako mwenyewe na kuviuza kwenye soko lenye sheria hiyo, wewe ni mtengenezaji na lehemu yako inahesabika. Hata bila sheria, bodi iliyounganishwa kwa lehemu isiyo na risasi itengeneze kwa lehemu ya aina hiyohiyo, na uwe na ncha yake ya pasi. Ukichanganya, kiungo kinakuwa na tabia usiyoijua, na atakayekuja kupima bodi hiyo baadaye atashangaa risasi imetoka wapi.

Moshi una habari yake. Joto la pasi yako, hata nyuzi 350, halitoshi kugeuza risasi kuwa mvuke wa kutisha. Moshi unaouona ni wa fluksi, dawa ya kusaidia lehemu ishike, mara nyingi utomvu wa msonobari, nao huchokoza mapafu na unaweza kumletea mtu pumu, kwa lehemu ya aina yoyote ile. Weka feni ya kuuvuta upande usio wa uso wako. Risasi yenyewe inaingia mwilini kwa njia unayoidharau: vidole vimeshika waya wa lehemu asubuhi nzima, halafu unakula. Nawa kwa sabuni kabla ya kula, usishike lehemu kwa meno unapokosa mkono wa tatu, na nguo ya kazi isiende kubeba mtoto.

Swali: Ile alama ya pipa lenye magurudumu lililokatwa kwa msalaba ina maana kifaa kina sumu?

Jibu: Hapana. Ina maana kisitupwe pamoja na taka za nyumbani. Kikusanywe peke yake. Mstari mnene chini ya pipa unamaanisha kifaa kiliingia soko la Ulaya baada ya tarehe 13 Agosti 2005. Kwenye betri ndipo unaweza kukuta herufi chini ya pipa, Cd kwa kadimiamu au Pb kwa risasi, na hizo ndizo zinazotaja sumu.

Swali: Mteja ameridhika na RoHS, sasa anataka karatasi ya REACH. Si ni kitu kilekile? Bidhaa yenyewe ni kiunganishi chenye pini za shaba.

Jibu: Si kitu kilekile. REACH ni sheria nyingine ya Umoja wa Ulaya, ya kemikali kwa ujumla, na pini zako ni mfano mzuri. Chini ya RoHS, risasi asilimia 3 kwenye aloi ya shaba inapita kwa ule msamaha wa asilimia 4. REACH haiangalii msamaha huo. Ina orodha yake ya kemikali zinazotia wasiwasi mkubwa, na risasi iliingizwa humo Juni 2018. Kitu chenye kemikali ya orodha hiyo zaidi ya asilimia 0.1 kinaweza kuuzwa, lakini lazima umwambie unayemuuzia, na mtumiaji wa kawaida akiuliza ajibiwe ndani ya siku 45 bila malipo.

Asilimia ya nini? Hapa hesabu inageuka tena. RoHS inagawanya kwa nyenzo. REACH inagawanya kwa kitu kilichotengenezwa, na Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Septemba 2015 kwamba kitu kinabaki kuwa kitu hata kikishaunganishwa ndani ya kikubwa zaidi. Kwa hiyo unagawanya kwa pini, huwezi kujificha nyuma ya uzito wa kiunganishi kizima. Mwandikie mteja wako ukweli: risasi imo, iko kwenye pini, RoHS inaruhusu kwa msamaha, REACH inataka nikutaarifu, nimekutaarifu. Orodha hiyo huongezwa kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, basi karatasi yako iwe na tarehe ya orodha uliyoiangalia.

Swali: Taasisi yetu ina kompyuta 200 za zamani. Tunataka kuzipeleka nchi nyingine kama msaada kwa shule. Wakala wa meli anatuuliza kama ni taka. Zawadi inakuwaje taka?

Jibu: Wakala wako anaijua kazi yake. Kuandika "msaada" kwenye hati hakubadilishi kilichomo ndani ya kontena. Kwa miaka mingi vifaa vilivyokufa vimevuka bahari kwa jina la msaada, na aliyepokea ndiye aliyebaki na gharama ya kuvitupa.

Mkataba wa Basel, uliopitishwa 1989 na kuanza kufanya kazi 1992, unataka nchi inayopokea taka hatarishi iarifiwe na ikubali kwa maandishi kabla mzigo haujaondoka. Zamani watu walikuwa na mlango wa nyuma: wakisema taka zao za kielektroniki si hatarishi, zilipita. Tangu tarehe 1 Januari 2025 mlango huo umefungwa, kwani taka zote za kielektroniki, hatarishi na zisizo hatarishi, zinahitaji kibali hicho. Nchi za Afrika zilizo kwenye Mkataba wa Bamako, wa 1991, zina katazo kali zaidi la kuingiza taka hatarishi kutoka nje ya bara. Marekani iliusaini Mkataba wa Basel lakini haijauridhia, na nchi mwanachama hairuhusiwi kufanya biashara ya taka hizo na asiye mwanachama bila makubaliano maalumu. Kabla hamjafanya lolote, ulizeni mamlaka ya mazingira ya nchi zote mbili, mnakotoka na mnakokwenda.

Kinachotenganisha kompyuta kukuu na taka ni ushahidi. Sheria ya WEEE imeuandika waziwazi na ni kipimo kizuri hata nje ya Ulaya: kila kifaa kimejaribiwa na kinafanya kazi, matokeo yameandikwa kwa kila kifaa na yako pamoja na mzigo, kuna hati inayoonyesha kinakwenda kutumika moja kwa moja, na kimefungwa vizuri kisivunjike njiani. Kikikosa hivyo, mkaguzi ana haki ya kukihesabu kuwa taka. Mkaguzi akifungua kontena akakuta skrini zimerundikwa kama kuni, hasomi hata hati.

Washeni kompyuta moja moja. Iache iwake kwa muda, angalieni kama betri inashika chaji, chaja yake iko na inafaa plagi za huko, diski imefutwa ipasavyo. Kati ya 200 huenda mkabaki na idadi ndogo kuliko mlivyotarajia. Zilizobaki mpeleke kwa mrejelezaji mwenye kibali hapohapo mlipo, kwa gharama yenu, na shule zile mzipelekee hizo chache zinazofanya kazi kweli.

Swali: Jirani anachoma nyaya nyuma ya nyumba apate shaba. Anasema ni plastiki tu inayoungua.

Jibu: Plastiki hiyo mara nyingi ni PVC, ambayo ina klorini. Klorini, kaboni na moto hafifu, huku shaba ikisaidia mchanganyiko huo kukamilika, ndivyo vinavyozaa dioksini, kundi la sumu kali. Ni vigumu kubuni jiko bora la dioksini kuliko moto wa nyaya. Hukaa kwenye udongo na kwenye mafuta ya kuku wanaodonoa hapo, na mayai yao. Zaidi ya hayo, PVC ya zamani iliimarishwa kwa misombo ya risasi, ambayo hubaki kwenye majivu mahali watoto wanapocheza.

Mpe hoja ya biashara, huenda akasikia upesi zaidi. Shaba iliyoungua hubadilika rangi na kushika masizi, na wanunuzi huiweka daraja la chini kuliko shaba iliyomenywa ikiwa inang'aa. Kuna vifaa vya kumenyea nyaya, vingine vya kuzungushwa kwa mkono tu. Yeye si wa peke yake: makadirio ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ni kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo zilikuwa asilimia 22.3. Sehemu kubwa ya zilizobaki haina kumbukumbu ya ilikokwenda, na moto kama wa jirani yako ni mmoja wa mahali hapo.

Swali: Simu ya zamani kwenye droo imevimba mpaka kioo kimeinuka. Nifanyeje?

Jibu: Itoe kwenye droo leo. Uvimbe ni gesi inayotokana na kemikali za ndani ya betri kuvunjika. Usiichaji ili uokoe picha. Usiibonyeze irudi, wala usiitoboe gesi itoke. Ukitoboa, tabaka za ndani zinagusana na inaweza kuwaka hapohapo mkononi. Kama betri imegandishwa kwa gundi usiibandue kwa bisibisi, iache ndani ya simu.

Iweke kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, kifuniko kikae juu bila kukazwa, na kopo likae nje mbali na chochote kinachoshika moto. Ukifika kituo cha kukusanyia sema kabla hujaitoa kwamba imevimba, kwa sababu hazichanganywi na betri nyingine. Moja ikiwaka ndani ya pipa, zinawaka zote. Ipeleke kwa mkono wako. Betri ya lithiamu iliyoharibika hairuhusiwi kupanda ndege, hata ndani ya kifurushi cha posta.